Klorini Isifike Kathita

Mtaro wa barabarani si bomba la majitaka. Meru mjini, Gakoromone ikiwemo, kinachoingia mtaroni huteremka kuelekea mtoni bila kupita mtambo wowote wa kusafisha, na Mto Kathita hukipokea na kukipeleka Tharaka hadi Mto Tana. Kwa hiyo kumwaga bwawa la kuogelea ni kazi ya kemia kabla ya kuwa kazi ya pampu.

Chukua bwawa la mita 25 kwa 10, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 375,000. Likiwa na klorini miligramu 2 kwa lita, waogeleaji wako salama. Samaki je? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeweka kikomo cha miligramu 0.019 kwa lita kwa viumbe wa maji baridi, tena kwa muda mfupi tu. Bwawa limezidi mara mia.

Njia iliyozoeleka ni kuacha kutia dawa na kuliachia jua kazi. Hufaulu pale inapotumika klorini ya unga ya kalsiamu. Vidonge vya trikloro ni habari nyingine: huacha asidi ya sayanuriki, inayoikinga klorini dhidi ya jua. Asidi hiyo haipungui kwa chujio wala kwa kukauka kwa maji. Hulimbikizana mpaka mwenye bwawa alazimike kubadilisha maji. Yaani kinachomfanya amwage ndicho kinacholizuia jua kumsaidia.

Hapo inahitajika thaiosalfeti ya sodiamu ya kuiondoa klorini, takriban kilo 7 za chembe kwa kila kilo ya klorini. Bwawa letu lina gramu 750, basi kilo 5 na kidogo zatosha, ziyeyushwe ndooni na kumwagwa pampu ya mzunguko ikiendelea. Usizidishe, kwani ziada hula oksijeni ya maji.

Kisha pima, lakini usikiamini sana kipimo. Vifaa vingi vya bwawa vimetengenezwa kumlinda muogeleaji, na alama yao ya chini huwa karibu miligramu 0.5 kwa lita. Rangi isipoonekana, huenda bado ipo klorini ya 0.2, mara kumi ya kikomo cha samaki. Ndiyo maana hata maji yaliyotibiwa nisingeyaelekeza mtoni. Udongo ndio umalizie: mboji hula klorini iliyobaki.

Maji ya bwawa la chumvi, au lililotiwa dawa ya mwani yenye shaba, hayafai shambani. Hayo ni ya bomba la majitaka, kwa idhini ya kampuni ya maji. Na kanuni za Kenya za ubora wa maji zinadai leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa anayemwaga majitaka kwenye mazingira. Ulizia kabla ya kuwasha pampu.

Msimu nao una mtego. Wakati wa mvua, maji ya ardhini yanaweza kuliinua bwawa tupu na kulipasua, hivyo mafundi husubiri kiangazi, wakati ambapo mto umepungua na hauna maji ya kuzimua sumu.

Kwa hiyo mimi ningetoa theluthi moja tu ya maji, lita 125,000. Zikisambazwa kwa siku tano kwenye robo ekari ya migomba, ni kama milimita 25 kwa siku, mvua nzuri ya kawaida, mradi mpira uhamishwe kabla maji hayajaanza kutiririka. Jaza upya, rudia baadaye, na asidi ya sayanuriki itabaki chini ya nusu ya ilivyokuwa.