Ipo au Haipo? Viambishi vya Kigiriki katika Istilahi za Tiba, kwa Mtazamo wa Bujumbura

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Neno biolojia limefuata maandishi; saikolojia, lenye asili ya Kigiriki vilevile, limefuata sikio la Mwingereza. Katika taaluma zisizomgusa mgonjwa, ugeugeu huu ni kero ndogo. Katika tiba ni hatari.

Tuchukue viambishi awali hyper- na hypo-. Katika Kigiriki, cha kwanza humaanisha juu ya au kupita kiasi. Cha pili, chini ya au pungufu. Daktari wa Bujumbura aliyesomea kwa Kifaransa haitamki h, hivyo hypo- yake husikika "ipo". Mwenzake wa Kigoma, aliyesomea kwa Kiingereza, husema "haipo". Kiambishi ni kimoja, maana ni moja, lakini masikioni mwa Mswahili kimekuwa kauli mbili zinazokanushana. Aidha, kwa matamshi ya Kigoma, haipo na haipa vinatofautiana kwa irabu moja tu.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Warundi wengi wamepata hifadhi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mgonjwa wa kisukari anaweza kufika huko na karatasi za Kifaransa mbele ya tabibu asomaye Kiingereza, nao wakazungumza Kiswahili. Aliyepungukiwa sukari mwilini anahitaji sukari upesi. Akidungwa insulini kwa kudhaniwa kuwa imemzidi, anaweza kufa.

Kwa hiyo tunapinga utohozi wa jozi hii. Wagonjwa wenyewe husema sukari imeshuka, sukari imepanda, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuyakataa maneno hayo. Kisukari chenyewe kimeundwa kwa ki- ileile ya kifafa na kichocho, bila kumwomba Mgiriki ruhusa.

Hata hivyo, tafsiri nayo ina mitego. Kiambishi -itis hutaja kuvimba kwa kiungo, si joto la mwili. Sisi tumekifasiri kwa neno homa, tukapata homa ya ini. Mtu huweza kuishi na virusi vya hepatitisi B kwa miaka mingi bila homa yoyote. Mkazi wa Buyenzi asiyehisi joto atapimwa kwa sababu gani?

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tunapendekeza kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isisanifishe istilahi yoyote ya tiba kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wauguzi waliosomea kwa Kifaransa na wale waliosomea kwa Kiingereza, wakiwa wamekaa chumba kimoja.