Wingi wa Radi za Kivu Si Ushahidi wa Kuharibika kwa Ozoni

Vipimo vya setilaiti ya TRMM vya miaka 16, vilivyochapishwa mwaka 2016, viliipa Kabare ya Kivu Kusini, nchini Kongo, nafasi ya pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake, magharibi ya Goma, ilipata 143. Kwa hiyo si ajabu mtu wa Bunagana, chini ya milima ya Virunga, akidhani kwamba ozoni iliyo juu yake inaliwa na radi hizo. Dhana hiyo ina msingi wa kikemia. Radi kali yenye chaji chanya ikipiga ardhi, uga wa umeme juu ya wingu hubadilika ghafla, na hewa ya kimo cha kilomita 40 hadi 90 ikawaka mwanga mwekundu uitwao spraiti, uliopigwa picha mara ya kwanza mwaka 1989. Ndani yake elektroni huvunja naitrojeni, ikazaliwa oksidi ya naitrojeni. Oksidi hiyo huipokonya ozoni atomi moja ya oksijeni, kisha huiachia na kurudi ilivyokuwa, tayari kwa ozoni nyingine. Mwanakemia Paul Crutzen aliueleza mzunguko huu mwaka 1970.

Lakini kemia inayowezekana si kemia iliyopimwa. Mwaka 2008 mtafiti Enrico Arnone na wenzake walichukua vipimo vya usiku vya MIPAS, chombo cha setilaiti ya Envisat, wakalinganisha hewa iliyo juu ya mahali palipopiga radi na hewa ya kwingine. Dunia nzima kwa jumla haikuonyesha badiliko la maana. Ilionekana dalili dhaifu tu, ongezeko la oksidi za naitrojeni la kama asilimia 10 karibu na kilomita 52. Atapinga mtu: MIPAS ilitazama anga kwa ubavu, ikachanganya hewa ya mamia ya kilomita, ilhali spraiti ina upana wa makumi tu. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali: athari ya mahali pamoja yaweza kuwa kubwa. Ila halithibitishi madhara kwa tabaka la ozoni, ambalo sehemu yake kubwa iko kilomita 15 hadi 35, chini ya spraiti. Tena radi nyingi hazizai spraiti. Nguvu ya radi moja moja ndiyo huamua, wala idadi haitoshi. Mwenye kudai kwamba radi za Kivu zinatoboa ozoni alete kipimo cha hewa ya huko juu, si hesabu ya miale.