Wasaka Kasoro wa Ngong Road

Kusaka kasoro katika programu za kompyuta ni kutafuta mahali ambapo mashine imefanya ilichoambiwa badala ya kilichokusudiwa. Mwandishi wa programu huamini mambo mengi kuhusu msimbo wake. Mashine haiamini lolote. Fundi ni yule anayeliona pengo hilo bila kumlaumu mteja, bila kuilaumu intaneti, na bila kufuta mistari ovyo akitumaini kwamba mmojawapo ndio mkosaji. Watu wa kazi hii jijini Nairobi huiita kudibagi, nao huitaja kwa uchovu, jinsi mkulima anavyotaja palizi.

Kazi yenyewe ina umri wa kompyuta. Septemba 9, 1947, mafundi wa mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimtoa nondo aliyenaswa ndani ya swichi, wakambandika kwenye daftari la kazi. Kisa hicho husimuliwa mno, pengine kwa sababu ni nadra kasoro kushikika kwa vidole. Cha Maurice Wilkes kina uzito zaidi. Mwaka 1949 huko Cambridge, mashine yake ya EDSAC ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi, Wilkes alitambua kwamba sehemu kubwa ya maisha yaliyombakia ingeishia katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Nairobi ilipata kompyuta zake za kwanza katika miaka ya 1960, katika ofisi kubwa kama za reli. Zama hizo za kadi zilizotobolewa, kila jaribio lilikuwa na bei: kadi zipelekwe, zamu isubiriwe, karatasi irudi. Asiyejua karatasi yake itarudi lini aliusoma msimbo wake kwa kalamu mkononi kabla ya kuutoa.

Chombo kinachoshikwa kwanza, zamani na sasa, ni amri ya kuchapisha. Fundi huchomeka mstari mmoja katikati ya msimbo, mstari wa kuiambia programu ionyeshe thamani fulani ni ipi wakati huo. Katika PHP, lugha iliyolea kizazi kizima cha tovuti za Nairobi, amri hiyo ni echo au var_dump, mara nyingi ikifuatwa na die ili programu ikate roho hapo hapo na kisiwepo kingine cha kuangalia. Wengine huandika tu "hapa 1", "hapa 2", "hapa 3". Programu ikichapisha "hapa 2" na kunyamaza, msako umetoka kwenye mistari elfu moja ukabaki kwenye kumi. Waliopita vyuoni huionea aibu njia hii, na hawana sababu. Brian Kernighan, mmoja wa watu wa mfumo wa Unix, alishikilia mwaka 1979 kwamba hakuna chombo kinachoshinda fikra makini zikisaidiwa na amri chache za kuchapisha zilizowekwa panapostahili. Ufundi wote umo katika kuchagua hapo mahali.

Hakuna kasoro inayouonyesha ufundi huo kama ile ya ritifaa. Kenya ni nchi ya akina Ng'ang'a na Ng'eno, ya Murang'a na Lang'ata. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa hiyo hiyo ndiyo huashiria kwamba maneno yameisha. Fomu ya usajili humpokea Wanjiku vizuri na Otieno vizuri. Akija Ng'ang'a, hifadhidata husoma Ng, huamini jina limekwisha, kisha hushindwa kuelewa mabaki ya jina hilo ni amri gani. Dawa inajulikana miaka mingi: amri ipelekwe peke yake na data peke yake, jina la mtu lisiunganishwe kamwe na amri. Anayepuuza hilo humfungulia mlango mwizi pia, maana mwanya unaomkwamisha Ng'ang'a ndio unaomwezesha mdukuzi kuandika amri zake ndani ya fomu. Lakini wapo waliochagua njia ya mkato wakaifuta ritifaa kabisa, na ndiyo maana risiti na barua zimejaa Nganga na Muranga. Kumnyang'anya mtu alama ya jina lake ili programu ipumzike si kurekebisha kasoro. Ni dharau.

Kasoro hiyo ina sura ya pili, iliyofichika zaidi. Karani anamtafuta Ng'ang'a kwenye mfumo, mfumo unajibu kwamba hayupo, na karani anamwona kwa macho yake katikati ya orodha. Fundi mwenye haraka atasema hifadhidata imeharibika. Fundi mtulivu huchapisha majina mawili, lililoandikwa na karani na lililohifadhiwa, moja juu ya jingine. Yanafanana. Huyazungushia mabano ya mraba, kwa kuwa nafasi tupu mwishoni mwa jina haionekani mpaka iwekewe ukuta. Bado yanafanana. Kisha huchapisha urefu wa kila moja, na hapo mambo hubadilika: moja lina baiti 8, la pili lina 12. Herufi sita na ritifaa mbili ni nane. Nne za ziada zimetoka wapi? Hatua ya mwisho ni kuchapisha namba ya kila alama. Upande mmoja ritifaa ni 39, upande wa pili ni 8217. Ya kwanza ni ritifaa iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi ya kawaida. Ya pili ni ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua na baadhi ya simu huiweka zenyewe bila kuulizwa, nayo huchukua baiti tatu mahali pa moja.

Katika msako huo hakuna kifaa cha bei. Kuna mistari minne ya kuchapisha, na kila mmoja umeua shaka moja tu. Uzuri wake umo katika mpangilio wa maswali: aliyerukia namba za alama kabla ya kutazama nafasi tupu angeweza kufika pia, ila asingejua alipitia wapi.

Saa nazo zina kasoro zake za hapa nyumbani. Seva nyingi huhesabu wakati kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Kwa klabu ya Westlands inayouza mpaka alfajiri, programu isiyoambiwa lolote huifunga siku saa tisa usiku badala ya saa sita, na mauzo ya kuamkia Jumamosi huingia kwenye hesabu ya Ijumaa. Mchana, fundi akiwa mezani pake, kasoro haipo. Anayechapisha saa bila kuchapisha pamoja nayo kanda yake ya saa huiangalia kasoro usoni na asiitambue.

Amri ya kuchapisha ilipoingia kwenye simu za kawaida ilibidi ijifunze adabu. Huduma za USSD, zile za kubonyeza nyota na reli, zilienea Kenya kwa sababu hazihitaji intaneti kwenye simu, na kampuni kama Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, ziliwawezesha waandishi wa programu kuzitengeneza bila kuhangaikia mitambo ya simu. Utaratibu wa Africa's Talking ni mfupi: jibu la programu huanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamekwisha. Sasa mtu akichomeka echo yake ya mazoea kabla ya neno hilo, jibu halianzi tena na CON wala END, na menyu hufa mikononi mwa mteja. Chombo cha kutafutia kasoro kimekuwa kasoro. Hapo ndipo wengi walipojifunza kuandika kwenye faili ya kumbukumbu, pembeni, pasipoonekana na mteja, na kuifuatilia faili hiyo kwenye dirisha jingine mstari kwa mstari.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom, ilikaza somo hilo. Huduma yenyewe ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango ambao programu za wafanyabiashara huupitia kuomba na kupokea malipo. Mteja huletewa ombi kwenye simu, huweka namba yake ya siri, kisha mfumo wa M-Pesa huituma habari ya matokeo kwenye anwani ya mfanyabiashara. Habari hiyo hupokewa na programu, hakuna mtu anayeangalia skrini, kwa hiyo kuchapisha kwenye skrini hakusaidii. Mafundi wazuri huandika ujumbe mzima kwenye faili kama ulivyofika, kabla ya kuugusa. Faida yake huonekana siku mteja anapoghairi. Malipo yakifaulu, namba ya matokeo ni 0, na ujumbe hubeba kiasi, namba ya risiti na namba ya simu. Mteja akikataa, namba huwa 1032, na sehemu yote yenye risiti haimo. Programu iliyozoea kuisoma risiti kabla ya kutazama namba huanguka hapo. Majaribio yote yalipita kwa sababu anayejaribu hulipa shilingi yake moja na haghairi hata siku moja.

Vyombo maalumu vya kazi hii, dibaga, vina historia ndefu vilevile. MIT walikuwa na DDT mwanzoni mwa miaka ya 1960. Richard Stallman aliandika GDB mwaka 1986. PHP ilipata Xdebug mwaka 2002. Dibaga huisimamisha programu kwenye mstari uliochaguliwa, thamani zote zikiwa wazi, kisha huiendesha hatua moja moja. Waliojifunza kutengeneza tovuti kabla ya 2010 wanamkumbuka mdudu mdogo, nembo ya Firebug, dibaga ya kivinjari, kazi ya Joe Hewitt ya mwaka 2006, aliyekaa chini kabisa kwenye kona ya kivinjari. Firebug ilistaafishwa mwaka 2017, vivinjari vyote vikubwa vikiwa vimeshaweka vyombo vya namna yake ndani yao.

Dibaga ni kitu kizuri, na kutoijua si sifa. Hata hivyo ina mipaka ambayo Nairobi huikuta mapema. Ukiisimamisha programu ya USSD ili uichungulie, mtandao wa simu hausubiri. Muda wa mazungumzo huisha na kilichokuwa kinachunguzwa hutoweka. Android Studio, chombo cha kuandikia programu za simu, pamoja na simu yake ya kuigiza ni mzigo mzito kwa kompyuta ya mitumba yenye RAM ya gigabaiti 4. Wengi walichomeka simu halisi kwa waya na kuzisoma kumbukumbu za Logcat, wakarudi palepale kwenye kusoma mistari.

Ufundi huu ulikuwa na nyumba. Machi 2010, miezi michache baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa na kuipunguzia nchi utumwa wa setilaiti, iHub, kituo cha pamoja cha waandishi wa programu, ilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Waliokuwa nyuma yake walitoka Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Januari 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kilichotolewa pale zaidi ya intaneti ni jirani wa mezani. Mtu aliyekwama alimwita wa karibu, akaanza kumweleza msimbo unafanya nini, mstari baada ya mstari, na kabla hajafika nusu alinyamaza: kasoro ameiona mwenyewe. Jirani hakuwa amesema neno, na pengine hata lugha ile ya programu hakuijua. iHub ilihamia Senteu Plaza, Kilimani, mwaka 2017, ikanunuliwa na CcHub ya Lagos mwaka 2019, kisha ikaja korona na wengi wakabaki na kazi zao Kileleshwa, Kawangware na Rongai, kila mtu na skrini yake. Kazi inafanyika, tena nyingi. Anayesikiliza ndiye hayupo.

Tangu Novemba 2022 nafasi ya jirani imechukuliwa na wasaidizi wa akili mnemba. Hujibu mara moja, hawachoki, na aghalabu hupatia. Kuwakataa kwa kiburi ni upuuzi. Tatizo liko katika mkono unaonakili. Ujumbe wa hitilafu hunyanyuliwa mzima na kubandikwa kwa msaidizi bila kusomwa, hata pale ambapo mstari wake wa mwisho unataja faili na namba ya mstari wenye kosa. Jibu hurudishwa nalo bila kusomwa. Katika majibu hayo hupenya dawa moja mbaya kuliko ugonjwa: msimbo huwekwa ndani ya try, kisha catch, sehemu ya kushughulikia hitilafu, ikaachwa tupu. Hitilafu ikitokea, humezwa. Skrini hubaki safi, faili ya kumbukumbu hubaki safi, na mteja wa dukani ambaye pesa zake zimetoka huambiwa hajalipa, huku hakuna aliyeandika mahali popote kilichotokea. Watu wa "hapa 1" na "hapa 2" wasingeweza kuliona jambo kama hilo kuwa marekebisho.

Kasoro ikishapatikana, kazi hubakiza hatua mbili. Ya kwanza ni kuandika jaribio litakalopiga kelele ikirudi: jina lenye ritifaa iliyopinda, mteja anayeghairi, mauzo ya saa saba usiku. Ya pili ni kueleza kwenye Git, daftari la mabadiliko ya msimbo, kwa nini mstari ule uliongezwa, ili atakayeukuta baadaye asiudhani takataka akaufuta. Hatua hizi hazimpendezi meneja anayesubiri, na ndizo zinazoachwa kwanza. Katika miradi mingi maelezo ya mabadiliko ni "rekebisho", "rekebisho tena", kisha "sasa imekubali", na mwaka mmoja baadaye mwajiriwa mpya huondoa mstari usioeleweka, Ng'ang'a hupotea tena kwenye mfumo, na msako huanza upya kutoka hapa 1.