Dada wanne wa Bronx na king'ora chao

Huu wimbo nilirushiwa kwenye simu na rafiki, bila jina. Unaanza na gitaa linalolia kama king'ora, halafu besi na ngoma, basi. Nikasema, hii si naijua! Mlio ule nimeusikia kwenye rapu tangu utotoni, kwa Big Daddy Kane, kwa Public Enemy, na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi. Umetoka kwa dada wanne wa South Bronx, New York: Renee, Valerie, Deborah na Marie Scroggins. Bendi yao inaitwa ESG, wimbo ni "UFO", na ulitoka mwaka 1981.

Habari yao inanigusa kwa sababu ya kazi ninayofanya. South Bronx ya miaka ya 1970, majengo yalikuwa yanaungua na dawa za kulevya zimejaa mtaani. Mama yao akapiga hesabu yake: akawanunulia mabinti vyombo vya muziki ili wasizurure. Sisi tunaofanya kazi na vijana hapa kambini, kitu kama hicho tunakiita mradi, tunakiandikia ripoti kila mwezi. Yule mama hakuandika ripoti. Renee akashika gitaa na kuimba, Valerie dramu, Deborah besi, Marie tumba.

Wachambuzi wamewaweka kwenye fungu la post-panki, pamoja na vijana wa Uingereza waliochoka na panki wakaanza kutafuta fanki. Sababu ipo. Mwaka 1980 Tony Wilson wa Factory Records ya Manchester aliwaona wakipiga New York, na muda mfupi baadaye walikuwa studio na Martin Hannett, prodyuza wa Joy Division. Inasimuliwa kwamba "UFO" yenyewe ilirekodiwa kwa vile tepu ilikuwa imebakiza dakika kama tatu. Mwaka 1982 walipiga usiku ule ule Haçienda inafunguliwa huko Manchester.

Lakini mi nasema hawakutoka kwenye panki. Walitoka kwa James Brown, na kwa tumba za Kilatini walizozisikia zikipigwa jirani na kwao. Renee ameeleza kwamba alipenda ile sehemu ya James Brown ambapo vyombo vingine vinanyamaza, inabaki ngoma na besi. Alitaka wimbo mzima uwe hivyo. Mkongomani yeyote anaelewa hapo: ni mtu aliyechoka kungojea sebene, akaamua kuanza nayo. Tofauti ni kwamba sebene yetu inaongeza magitaa mpaka mwili ukubali. ESG wanapunguza. Sikiliza "Moody": besi inarudia maneno yake machache, tumba zinajibu, sauti inapita kama mtu anayeongea peke yake akitembea. Kati ya chombo na chombo kuna nafasi, na mchezaji anaingia humo.

Sasa na kasoro niseme. Maneno yao ni machache mno. Mtu aliyelelewa na nyimbo za Franco, wimbo mmoja wenye ugomvi wa ndoa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, atauliza hadithi iko wapi. Albamu yao ya kwanza, "Come Away with ESG" ya 1983, kuna mahali nachoka, naona pigo moja limevalishwa nguo mbili. Lakini niliwapigia wasichana wa kundi letu la ngoma. Kabla ya dakika moja mmoja ameshashika ndoo, mwingine chupa na kijiko. Hakuna aliyeuliza hadithi.

Na ile nafasi ndiyo iliyowaponza. Wimbo wenye uwazi ni rahisi kuukata. Wapigaji wa hip-hop wakakata kile kipande cha "UFO", wakakirudia chini ya sauti zao, nyimbo kwa mamia, na kwa miaka mingi bila ruhusa wala malipo. Wakati huo kampuni iliyotoa santuri zao New York, 99 Records, iliingia kwenye kesi na Sugar Hill juu ya wimbo wa bendi nyingine, na katikati ya miaka ya 1980 ikafungwa. Akina dada wakabaki bila kampuni huku king'ora chao kinalia kila redio. Mwaka 1992 wakatoa santuri waliyoiita "Sample Credits Don't Pay Our Bills", yaani kutajwa jina tu hakulipi bili zetu. Sijaona bendi nyingine iliyofanya dai la mshahara kuwa jina la santuri.

Nilipowaeleza wasichana haya, mmoja wa miaka kumi na sita akaniambia, "Yaya, si kama sisi?" Nikanyamaza. Mwaka juzi walikuja wageni na kamera, wakarekodi ngoma yao. Baadaye tukaisikia kwenye video, imewekwa chini ya sauti ya mtu mwingine anayeeleza shida zetu. Hata jina la kundi halikuandikwa. Mi ndiye niliyewaambia wasichana wakubali. Tangu hapo wakiona simu imeinuliwa wanaacha kupiga, na sina haki ya kuwalaumu.

Ila ESG hawakuacha. Mwaka 2002 walitoa "Step Off", na humo mabinti wa Renee na Valerie wameingia kwenye bendi ya mama zao. Nafasi kati ya vyombo ipo vile vile. Waliibiwa mlio, uwezo wa kuutoa ukabaki nyumbani. Hiyo hainitoshi kuwa faraja, maana bili ni bili.

Kwa hiyo tumenunua daftari. Kila mdundo mpya tunauandika: nani aliuanza, nani aliongeza nini, tarehe gani. Yeyote akitaka kurekodi, atakaa kwanza na wao, siyo na mimi, na atasaini. Najua daftari siyo mwanasheria. Jumamosi iliyopita yule wa miaka kumi na sita alijaza ukurasa wa kwanza kwa mkono wake, akanirudishia kalamu, akaenda kuchukua ndoo.