Tokyo machoni pa wazee wawili

Atakayelalamika kwamba Tokyo Monogatari (1953), filamu ya Yasujiro Ozu, hauonyeshi mji vya kutosha, ameitazama kwa haraka. Shukichi na mkewe Tomi wametoka Onomichi kuwaona watoto wao. Matembezi yaahirishwa, kwani mwana wao, daktari, aitwa kwa mtoto mgonjwa. Hatimaye Noriko, mjane wa mwana wao mwingine, aomba ruhusa kazini, awapandisha basi la watalii. Majumba yapita dirishani tu. Kisha, kwenye ngazi za duka kubwa, wazee wauliza nyumba ya kila mtoto iko upande gani, na ya Noriko pia. Humo, katika chumba chake kimoja, Shukichi anywa sake iliyoombwa kwa jirani.