Jembe Lisiloonekana

Mwanafunzi akipewa nafasi ya mzee katika mchezo wa shule, huinama mgongo, akashika kiuno na kutetemesha sauti. Akipewa njaa, hushika tumbo. Akipewa hasira, hukunja ngumi. Bwalo zima hucheka na kupiga makofi, lakini mhusika mwenyewe hajafika jukwaani. Ninawaheshimu mno walimu wasioridhika na makofi hayo, wanaorudi nyuma na kuanza upya kwenye nyayo, magoti na pumzi, huku mtihani ukikaribia na ukumbi ukitakiwa kwa shughuli nyingine.

Mwalimu ninayemfikiria hapa anaandaa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma darasani kama maneno: nani alisema nini, dhamira ni ipi. Yeye aliwakataza vijana wake kukariri mpaka wajue kusimama. Na hilo peke yake ni kazi, maana mwili wa mwanafunzi umeshafundishwa kusimama mbele ya mkubwa, visigino pamoja, mikono nyuma, macho chini. Ni adabu na ina mahali pake. Lakini mkulima wa Rufiji wa mwaka 1904, anayelimishwa pamba kwa nguvu chini ya Wajerumani, hakusimama hivyo. Basi siku za mwanzo zote zilikwenda katika kutembea tu: kutembea ukiwa na mzigo kichwani, kutembea baada ya kuutua, kutembea ukijua unatazamwa.

Kisha yakaletwa majembe kutoka shamba la shule. Vijana wakalima kwelikweli nyuma ya bwalo, wakatoka jasho, wakarudi ndani mikono mitupu na kuambiwa walime tena. Ngumi zao zikajifumba kabisa. Mwalimu akapita kwa kila mmoja, akapenyeza vidole vyake viwili ndani ya ngumi na kuipanua taratibu: hapa ndipo unapopita mpini. Halafu akadai uzito. Mtu hulipandisha jembe kwa nguvu, lakini kushuka hushuka lenyewe, mkono ukiliongoza tu. Waliposhika hilo, udongo ukaanza kuonekana kwenye sakafu ya saruji. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba pale ni shambani, kwa kuwa anaona jinsi kiwiko kinavyopokea mshtuko.

Njaa ilikuja baada ya hapo, na ndipo nilipoona jinsi mwalimu huyu anavyofikiri. Aliwaondoa mikono tumboni, kisha akauliza swali moja: mtu asiyekula tangu jana anaachana na nini kwanza? Wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Jembe likaacha kupita bega. Mgongo ukaacha kunyooshwa kila mara, maana kuinuka nako kunagharimu nguvu. Maneno baina yao yakapungua. Halafu, kwa ishara ndogo ya mwalimu, wote wakaongeza kasi kwa pamoja bila kuinua vichwa. Mnyapara alikuwa hajaingia jukwaani, lakini migongo ilikuwa imeshamwona.

Msichana anayecheza Bi. Kitunda, mama mtu mzima katika tamthilia hii, alikuwa na tatizo jingine. Ana umri wa miaka kumi na sita hivi, na anainuka kutoka chini kwa mruko mmoja. Alitumwa sokoni kutazama akina mama waliokaa mkekani wanavyoinuka. Akarudi na jambo ambalo nisingelifikiria mwenyewe: kabla ya kitu chochote, mama hukusanya upindo wa kanga. Ndipo mkono hutafuta goti, kisha kiganja hushuka ardhini, kisha pumzi, kisha ndiyo safari. Alipoyapanga hayo manne kwa utaratibu wake, sauti ikabadilika bila mtu kuigusa. Sentensi yake ya kwanza ilichelewa kidogo, ikatoka nzito, kwa sababu ilibidi isubiri pumzi ifike.

Stanislavski, yule mwongozaji wa Kirusi aliyefariki mwaka 1938, alilifikia jambo hili katika miaka yake ya mwisho, akawa anawaanzishia waigizaji wake kwenye vitendo vya mwili ili hisia zifuate. Kwa walimu wetu wa ngoma si jambo geni. Anayefunza ngoma haanzi kwa kueleza furaha. Anaanza na mguu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni Kinjeketile mwenyewe, mtu wa kweli aliyeipa tamthilia jina lake, kuchukuliwa na pepo. Simulizi za wazee zilizokusanywa miaka ya 1960 zinasema alikwenda kwa tumbo, mikono imenyooshwa mbele, mpaka kwenye maji. Watu wake wakamshika miguu wamvute, wakashindwa, naye akalia kwamba wanamuumiza. Kijana aliyepewa nafasi hii alianza kwa kujirusha na kugaragara, macho juu, povu karibu. Mwalimu alimwacha amalize, akampa maji, akamwambia alale kifudifudi na asifanye lolote ila kuacha ncha za vidole zitangulie. Vidole vikavuta kiganja, kiganja kikavuta kiwiko, bega likafuata, na kifua kikawa cha mwisho kujua kinakopelekwa. Pepo alikuwa mbele yake, si ndani ya vurugu zake.

Wanaovuta miguu nao wana ufundi wao. Wanaegemea nyuma kwa uzito wote, lakini mikono yao haivuti hata kidogo. Anayevutwa ndiye mwenye usukani, na akigusa sakafu mara mbili kwa kidole wote wanaachia. Ukitazama kutoka viti vya mbele utaapa kwamba watu wanne wameshindwa na mtu mmoja. Sijui kazi nyingine shuleni inayowafundisha vijana kuaminiana kwa kiasi hicho.

Siku iliyofuata, wazee wanasimulia, Kinjeketile aliibuka majini bila kudhurika, nguo zimekauka na zimefungwa kama alivyozifunga jana. Mwalimu anataka kijana aingie akitembea kawaida kabisa. Utakatifu wake unatakiwa uonekane kwenye miili ya wengine: nani anasogea, nani anasita, magoti ya nani yanalegea. Mke aliyemshika mguu jana ndiye mwenye kazi kubwa hapo, kwa kuwa anatakiwa aanze kumkimbilia mumewe kisha miguu yake ikatae katikati ya njia. Kundi la nyuma bado linasogea kabla Kinjeketile hajaonekana, kwa hiyo kesho wanaanzia hapo.