SSR Ikifa, Umeme Haukatiki

Rilei ya kawaida ikichoka, mara nyingi mashine husimama: koili imeungua, au kontakti zimechakaa hazigusani tena. SSR, rilei isiyo na kitu kinachotembea ndani yake, kwa kawaida hufa kwa njia nyingine. Chipu yake hupiga shoti, umeme ukapita moja kwa moja, na hakuna amri itakayouzuia. Kidhibiti joto kitaonyesha kuwa kimezima, huku elementi zikizidi kuwaka. Kwa hiyo anayechagua SSR ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kuangalia bei: mzigo wake unavuta umeme kiasi gani katika sekunde yake mbaya kabisa, na ni kifaa gani kitakachokata umeme siku SSR itakaposhindwa.

Tuchambue paneli ya oveni ya kuokea mikate: elementi za jumla ya kilowati 6, faizi moja, volti 230. Kidhibiti chake huwasha na kuzima kila baada ya sekunde 2 ili joto lisiyumbe. Kwa saa moja hiyo ni mizunguko 1,800, na kwa siku ya kazi ya saa 10 ni 18,000. Kontakta, yaani rilei kubwa ya kawaida, inayohimili mizunguko milioni moja ingekwisha kabla ya miezi miwili. Hapo SSR inastahili nafasi yake, kwa sababu haina kontakti za kuchakaa.

Hesabu ya kwanza ni ya mkondo. Wati 6,000 ukigawa kwa volti 230 unapata ampea 26. SSR ya 25 imeshindwa papo hapo, hivyo tunapanda hadi ya 40. Lakini hiyo 40 iliyoandikwa kwenye lebo ina masharti: imepimwa SSR ikiwa imefungwa kwenye hitisinki ya kutosha. Ikiachwa tupu, SSR ya ukubwa huo hubeba ampea chache tu.

Sababu ni joto. SSR inapopitisha umeme, hubakiza ndani yake takriban volti 1.2. Zidisha kwa ampea 26, unapata wati 31 zinazogeuka joto ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani. Tuseme hewa ndani ya paneli ina nyuzi 45, jambo la kawaida karibu na oveni, na hatutaki bamba la chini la SSR lizidi nyuzi 80. Tofauti ni nyuzi 35. Gawa kwa wati 31: tunahitaji hitisinki isiyozidi nyuzi 1.1 kwa kila wati. Namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha muuzaji, maana ukubwa wa kukadiria kwa macho hudanganya. Kisha mapezi yake yasimame wima ili hewa ya moto ipande, pawe na nafasi juu na chini, na grisi ya joto ipakwe safu nyembamba kati ya SSR na alumini. Skrubu za waya zikazwe barabara, kwa sababu kiungo kilicholegea huzalisha joto lake chenyewe na kulisukuma ndani ya SSR.

Elementi za nikromu ni mzigo mpole: zikiwa baridi au moto, mkondo wao haubadiliki sana. Mizigo mingine haina upole huo. Taa ya waya inapowashwa ikiwa baridi huvuta mara 10 hadi 15 ya mkondo wake wa kawaida. Mota huvuta mara 6 hadi 8 inapoanza kuzunguka, kwa hiyo SSR inayotosha oveni ya ampea 26 haitoshi mota ya ampea hizo hizo. Transfoma ina shida ya pekee. SSR nyingi husubiri volti ifike sifuri ndipo ziwashe, na kwa elementi hilo ni jema, ila kwa transfoma ndiyo nukta mbaya kuliko zote: chuma chake hujaa sumaku na mkondo hupaa. Mzigo wa aina hiyo unahitaji SSR inayowasha mara tu inapoamriwa, au inayowasha kwenye kilele cha volti. SSR ya AC nayo isiwekwe kwenye umeme wa DC. Huzimika pale tu mkondo unapofika sifuri, na mkondo wa DC haufiki hapo wenyewe.

Sasa kinga dhidi ya mshtuko wa volti. Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325, kwa hiyo SSR inayohimili volti 600 huonekana salama. Mafundi wengi huiongezea varista ya volti 275 na kuridhika. Tatizo ni kwamba varista hiyo, mkondo mkubwa wa mshtuko unapopita, hubana volti kwenye takriban 700. Wakati huo SSR ya 600 imeshavuka kikomo chake. Chagua SSR ya volti 1,200, na varista ile ile itafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Shoti kwenye elementi ni mtihani mwingine. SSR inayohimili ampea 400 kwa nusu ya wimbi inaweza kumeza nishati ya takriban 800, kwa kipimo cha ampea mraba mara sekunde. Sakiti breka ya kawaida mara nyingi huachia maelfu kabla ya kukata. Breka hulinda waya. Kinachoweza kuilinda SSR ni fyuzi ya kasi iliyotengenezwa kwa vifaa vya aina hii, ambayo namba yake ya nishati iko chini ya ile ya SSR.

Hata baada ya yote hayo, SSR inaweza kufa, na ikifa itaacha umeme ukipita. Mbele yake iwekwe kontakta inayoshikiliwa na themostati ya pili, yenye kipimio chake yenyewe, isiyotegemea kidhibiti kikuu. Joto likizidi kikomo, kontakta inaachia. Kitufe cha dharura kikate koili hiyo hiyo. Kwa kuwa kontakta hii hufanya kazi mara chache tu, itadumu miaka. Ndiyo pia inayozimwa, pamoja na swichi kuu, kabla mtu hajagusa elementi, kwa sababu SSR iliyozimwa bado huvujisha miliampea kadhaa, na volti inaweza kuwepo kwenye waya unaodhaniwa umelala.

Hitisinki, varista, fyuzi ya kasi, kontakta na themostati ya pili vinaweza kugharimu zaidi ya SSR yenyewe. Mteja akiomba bei ya SSR, apewe bei ya vyote kwa pamoja. Fundi anayekubali kuviacha ili apate kazi anamkabidhi mwenye bekari oveni ambayo siku moja haitazimika.